Wimbo wa Gwaride Wenye Wenyewe Wawili

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu husimulia safari za Kidatu na Mngeta. Mimi nikifika sokoni hapa Ifakara najiona nimesafiri, narudi nikilalamika miguu. Habari za dunia huniletea mume wangu. Zamani nilijua anakuja kabla sijamwona: akipita kwenye mashine ya kukoboa mpunga alianza kupiga mluzi, wimbo wa gwaride, nami nikiusikia naweka maji ya ugali. Akifika mlangoni, yanachemka.

Wimbo huo tuliuimba shuleni tukiingia darasani kwa ngoma, kushoto, kulia. Mama alisema ni wa Wandamba, sisi wenyeji wa bonde hili, wanawake waliuimba zamani wakirudi shambani kwa mstari, mpunga kichwani. Mume wangu ni Msukuma, wa kabila la wafugaji, aliletwa huku bondeni na wazazi wake akiwa mdogo. Yeye alidai babu zake waliuimba wakienda kulima, jembe begani. Maneno mbalimbali, mwendo ule ule. Mimi na kidato cha nne changu nilikuwa hakimu, na ushindi nilimpa aliyeleta samaki siku hiyo.

Kaka yangu ndiye aliyenogesha kesi.

"Shemeji, mmekuja na ng'ombe, sasa mnataka na wimbo?"

"Tulikuja nao, shemeji. Ninyi mliuokota ulipodondoka."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Na mume wangu hana hata ndama. Ni fundi pikipiki.

Mwaka huu, mpunga ulipoanza kuinama, ng'ombe waliingia shamba la kaka. Ng'ombe wa nani, hatukujua. Alikuja kwangu ana tope hadi magotini, akakaa uani, chai hakuigusa. Alikuwa bado ananieleza tuliposikia mluzi kutoka upande wa mashine. Nilitamani njia iwe ndefu zaidi.

Mume wangu aliingia hajui lolote.

"Mmekuja na ng'ombe," kaka akamwambia, "sasa mnataka na wimbo."

Maneno yale yale. Mume wangu alianza kucheka kwa mazoea, kisha akaona anacheka peke yake.

"Shemeji, mimi ng'ombe wangu yuko wapi?"

"Ni wa kwenu, Wasukuma."

Kaka akaondoka. Hajarudi.

Tangu siku hiyo mluzi hakuna. Mume wangu anafika kimya, anapiga hodi nyumbani kwake kama mgeni. Mimi nashtuka, ugali unachelewa, nasingizia kuni. Nilipomuuliza alijibu, "Niwaachie wenyewe wimbo wao." Nikajaribu utani, nikamwambia hakimu bado hajatoa hukumu. Akaendelea kula.

Jana jioni mvua ilikuwa inanyesha. Akapiga hodi. Badala ya kumkaribisha, nikaimba. Sauti yangu hata kwaya ya kanisani iliwahi kuikataa kwa upole, lakini niliimba kwa nguvu, jirani asikie, tena kwa yale maneno ya Kisukuma ambayo siku zote nilimbishia kwamba si ya wimbo huu. Nikafika mwisho. Nikaanza upya.

"Fungua basi, nalowa."

Nikafungua. Hakucheka. Alivua viatu taratibu, akavisimamisha ukutani vichuruzike maji.

"Kaka yako amepita leo?"

"Hajapita."

Akatikisa kichwa. Nikaenda kuweka maji ya ugali.