Macho ya Mshika Flashi

Mtaani walimwita Radi. Ukipita mbele ya kituo cha mabasi na uso wako ukamvutia, angekusimamisha, akutanie kidogo, na kabla hujakaa sawa, pwaa! umeshamulikwa. Lakini flashi hakuishika yeye. Kwa miaka kumi na mmoja aliyeishika ni mkewe, amesimama pembeni, mkono juu, mwavuli mweupe mbele ya taa ili mwanga usimpige mtu usoni kwa ukali. Radi akisema "haya," mke anafumba macho, maana mwanga ule ukikupiga kwa karibu utaona vimulimuli mpaka jioni.

Sasa madaktari wamenyoosha mikono. Mke amebaki mifupa na ngozi, na ana ombi moja tu: awaachie watoto picha moja nzuri, macho yakiwa wazi. Katika maelfu ya picha za mumewe, yeye hayumo hata moja. Aibu gani hii kwa mwanamume anayejiita mpiga picha!

Asubuhi hiyo Radi alimkalisha kitini palepale kituoni, flashi akaifunga kwenye nguzo.

"Haya." Macho yakafumba.

Mara ya pili hakutamka neno. Mke akaona tu bega la mumewe limetulia, akafumba.

"Yaache wazi, mama watoto, nakuomba."

"Nayaacha, baba. Yenyewe hayanisikii. Si umeyazoesha mwenyewe?"

Radi akazima flashi. Macho yakabaki wazi kweli, lakini bila ule mwanga mashavu yalikuwa mashimo matupu. Mke akaitazama picha, akairudisha kamera upesi.

"Hii usije ukawaonyesha watoto."

Wakarudia na flashi, tena na tena, mpaka shingo ya mgonjwa ikalegea na kichwa kikainama. Radi akabaki anaikodolea iliyo afadhali kuliko zote: uso laini, umetulia, macho yamefumba. Abiria mmoja aliyetaka kupigwa picha akaja kwa nyuma, akachungulia kamera begani kwake.

"Pole sana, kaka. Alifariki lini?"

"Bado, mwanangu," mke akajibu kutoka kitini.

Radi, mtu wa utani tangu ujana, alitafuta neno la kumchekesha mkewe, akalikosa. Alilia mbele ya mteja.