Nilivyoomba Mashine ya Mugoma Iharibike

Sisi tuliokulia Mugoma wakati umeme ukiwa bado habari ya redioni, saa yetu ilikuwa mashine ya kusaga. Ikianza kupiga tu-tu-tu asubuhi, ujue kengele ya shule inakaribia na wewe hujaosha miguu. Ikinyamaza mchana, ujue Fundi Barnaba anakula. Nani wa rika letu asiyekumbuka sauti ile ikipanda na kushuka kati ya migomba, na akina mama wakitoka pale na kope nyeupe kwa unga, wanacheka kama waliotoka harusini? Watoto wa siku hizi wanaamshwa na simu yenye nyimbo saba tofauti, na bado wanachelewa.

Wenzetu walitengeneza magari ya waya. Yalikuwa mazuri, nisiwe na wivu: malori kama yale ya mpakani Rusumo, magurudumu ya ndala zilizokatika, hadi turubai la mfuko wa sukari. Mimi na rafiki yangu Deo tulikuwa na ugonjwa mwingine. Sisi tulitaka injini. Wazazi wa Deo walitoka Burundi wakajenga jirani na sisi, na yeye alikuja na mikono ya ajabu. Ukimpa bati la kopo la mafuta ya msaada na msumari, baada ya muda anakurudishia spana isiyozidi ukucha wa kidole gumba, yenye mdomo pande zote mbili.

Nyuma ya jiko letu, ndani ya boksi la sabuni, tulijenga nyumba nzima ya mashine. Kuta za udongo wa mfinyanzi kutoka bondeni, paa la bati, magunia ya unga ya vitambaa vilivyojazwa majivu, mizani, ndoo, hata doa la grisi sakafuni, tulilolitengeneza kwa masizi na mafuta ya kupikia tuliyochota mama alipogeuka. Deo aliweka sheria: shubiri moja ya kitu cha kweli iwe pingili moja ya kidole kwetu. Kisichofuata kipimo kinabomolewa. Bomba la moshi na pipa la maji ya kupoza vilikuwa nje, kwa hiyo Jumapili tulivipima vizuri. Vilivyokuwa ndani tulivipima dirishani, nikinyoosha mkono ulioshika bua la mtama na kufumba jicho moja. Nilifanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba jirani mmoja alimuuliza mama kama jicho langu limeingiwa na kitu.

Injini yenyewe tuliifinyanga mara nne. Ya nne ilikuwa safi: gurudumu zito pembeni, mkanda wa mpira wa baiskeli, bomba la mafuta la mrija wa kalamu. Tuliiweka mahali pake, tukapiga magoti kuitazama. Deo akaitazama sana, kisha akasema, "Hii siyo injini. Hili ni tofali." Nilikasirika, lakini alisema kweli. Ndani ilikuwa udongo mtupu, maana hakuna kati yetu aliyejua ndani ya injini mna nini.

Tulikwenda kwa Fundi Barnaba tukiwa tumenawa hadi viwiko.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Mmeleta mahindi?"

Tukamweleza shida yetu. Alicheka mpaka akashika mlango. "Injini haifunguliwi kwa ajili ya kuangaliwa," alisema. "Inafunguliwa ikiharibika. Hii ni nzima, namshukuru Mungu."

Hilo neno la Mungu ndilo lililotupa wazo. Deo na familia yake walikuwa Wakatoliki, sisi Waanglikana, basi tukaona ni vyema ombi lipite njia zote mbili. Kwetu, kila jioni kabla ya kula, baba alisali kwa sauti, kisha kila mmoja akaongeza la kwake kimyakimya. Ndugu zangu waliomba viatu. Mimi niliomba mashine ya kusaga iharibike. Sikuomba iharibike sana, niliweka mipaka: iharibike kiasi cha kufunguliwa tu.

Tuliomba karibu mwezi mzima. Siku moja ya gulio tukiwa darasani, mashine ikakohoa, ikatoa mlio kama wa sufuria inayokwanguliwa, ikanyamaza. Deo alikuwa dawati la mbele. Aligeuka akanitazama, macho yamemtoka. Mwalimu aliendelea na sehemu za desimali, ila mimi sikusikia kitu. Nilifurahi, nikaanza kukusanya madaftari.

Kengele ilipolia tulikimbia na madaftari mikononi. Fundi alikuwa ameacha mlango wazi apate mwanga, na hakuwa na nguvu ya kutufukuza. Tulisimama mlangoni, tukaona kila alichokifungua kikitoka kwa zamu yake na kulazwa juu ya gunia. Pistoni, niliyoidhania kitu cha kutisha, ilikuwa kama kikombe kilichogeuzwa, imezungushiwa ringi za chuma. Ringi moja ilikuwa imevunjika vipande vitatu na kuikwaruza silinda. Nilitaka kulia kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Kikombe kinapanda na kushuka ndani ya kopo, basi.

Wiki ile hatukucheza mpira. Silinda tuliipata kwenye betri kuukuu ya redio: ukiikwangua ndani inabaki kopo la duara kabisa. Pistoni tuliichonga kwa gunzi la mhindi, ringi tukazikata kwenye tyubu ya baiskeli, na spoku moja tukaipinda ikawa kiungo cha kupandisha na kushusha. Deo alizungusha gurudumu kwa kidole. Gunzi likapanda, likashuka, likapanda tena. Tulipokezana kuzungusha hadi giza likaingia.

Lakini mashine ya kweli haikupona upesi. Vipuri viliagizwa Mwanza, lori likaja na saizi isiyo yake, vikarudishwa. Wiki ya kwanza watu walikula ndizi na viazi, na kwao Deo wakapika impengeri, yale mahindi mazima ya kuchemshwa na maharage. Wiki ya pili akina mama wakaanza kwenda mashine ya ng'ambo ya mlima. Mama alitoka kabla jua halijachomoza na debe kichwani, akarudi alasiri na debe lile lile, sasa la unga. Shingo ilimkaza, hawezi kugeuka bila kugeuza mwili wote. Aliomba maji, akakaa, akavua ndala, na nyufa za visigino vyake zilikuwa zinatoka damu.

Nilijua la kufanya. Nilipaswa kusali upya, ombi la kinyume. Nasema ukweli ambao sikuwahi kumwambia hata Deo: jioni tatu mfululizo nilifumba macho, na mara zote tatu nikakaa kimya, kwa sababu fundi alikuwa hajafungua pampu ya mafuta, na nilitaka kuiona.

Siku ya nne mama alirudi tena kutoka ng'ambo ya mlima, akaniomba nimsaidie kutua debe. Nikashindwa kuificha siri. Mazungumzo yetu yalikuwa ya Kihangaza, hapa nayaweka kwa Kiswahili, ila nimemwachia mama "mwana wanje" wake, yaani mwanangu.

"Mama, ni mimi."

"Ni wewe nini, mwana wanje?"

"Mashine. Niliomba iharibike."

Alinywa kwanza kata nzima ya maji. Nilikuwa nimeshaanza kutazama ile fimbo ya juu ya mlango.

"Uliomba kwa nani?"

"Kwa Mungu. Na Deo akaomba kwa Wakatoliki."

Alijaribu kukaza uso. "Ulitaka nini?"

"Kuona ndani."

Mama akatazama kama baba yupo karibu. Kisha akainama, akaniuliza kwa sauti ndogo kabisa, "Na ndani mna nini?"

Siku ile ndipo nilipojua. Tangu mashine ile ije, mama aliipelekea mahindi na muhogo kila wiki, na hakuwahi kuvuka mlango wa chumba cha injini. Wanawake walikatazwa wasije wakavutwa kitenge na mkanda. Miaka yote aliyosimama foleni, alikuwa anajiuliza kama mimi. Nikakimbia kuleta boksi. Alifuta kidole kwenye kitenge, akazungusha gurudumu, akaona gunzi linapanda. Akacheka kama msichana. Maharage yaliungua jikoni na hakuinuka.

"Na moto unaingilia wapi?" akauliza.

Nikachungulia ndani ya kopo, moto hatukuwa tumeuweka.

"Kesho uombe ipone," alisema. "Na umuulize fundi kuhusu moto."

Niliomba, kwa bidii na bila masharti. Vipuri vikafika wiki iliyofuata, na tu-tu-tu ikarudi. Kuhusu moto, Fundi Barnaba alijibu kwamba unatoka humo humo, akaniambia nisogee. Jibu lenyewe nililipata sekondari, Biharamulo: hewa ikibanwa sana inapata joto la kutosha kuwasha mafuta. Likizo nikampelekea mama kama mtu anayepeleka zawadi. Alisikiliza, akasema "Kumbe," akaendelea kuchambua maharage. Baadaye akainua kichwa: "Na inajuaje kwamba sasa ndiyo saa ya kubana?"

Leo nafundisha hapa hapa Biharamulo, na mezani sebuleni nimejenga nyumba ile ya mashine, kwa kipimo kile cha shubiri na pingili. Mke wangu anaiita mke mwenza. Sasa nina tupa, nina bati zuri, nina gundi. Nimefanya kila kifuniko kifunguke, kwa sababu macho ya mama siku hizi yanaona mwanga tu.

Sikukuu iliyopita nikaipeleka Mugoma, nikamwekea mama mapajani. Alipitisha vidole kwenye magunia, kwenye mizani, akafuata mkanda hadi kwenye gurudumu. Akafungua kifuniko, akaingiza kidole kwenye silinda. Nikazungusha.

"Hee! Inanisukuma!" alisema. Kisha, "Huu moshi, kabla ya kutoka, unangoja wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, mwanangu alikuwa ameshauliza simu. Akamsomea bibi yake jibu lote, sahihi kabisa, kunishinda mimi, akarudi kwenye mambo yake. Sina ugomvi naye. Sisi ilitubidi tuombe kitu kiharibike ndipo tukione, na mama zetu wakalipia kwa miguu. Hawa wanaonyeshwa kila kitu bila mtu kutoka jasho, na jibu likishafika, swali wanaliacha hapo hapo.

"Asante, mjukuu wangu," mama alimwambia, akimaanisha. Lakini kidole hakukitoa kwenye silinda.