Kichwa cha Kitanda cha Nyanya

Mwezi uliopita nilirudi Voi kumnunulia binti yangu kitanda. Ukishuka kuelekea sokoni siku hizi utaviona vimepangwa kando ya barabara, vichwa vya vitanda, zile mbao za kuegemea mgongo, virefu kama milango, vimevalishwa vitambaa vya kung'aa na kubanwa vifungo. Niliinama kukibonyeza kimoja. Harufu ya sponji mpya na gundi ikanipanda puani, nikabaki nimeinama hivyo hivyo, na fundi akaniuliza kama ninajisikia vibaya. Nikamwambia ni jua tu. Lakini wewe nikufiche nini?

Tulikaa Voi nilipokuwa msichana mdogo, katika nyumba za kupanga zenye paa la mabati na ua mmoja wa kuanikia nguo. Baba alikuwa karani ofisini. Mama alikuwa na cherehani yake barazani, akishona sare za shule na mapazia ya majirani. Nyanya, mamake Baba, aliishi juu kabisa milimani kule Wusi, kwenye ukungu na kabeji. Alikuwa hajawahi kulala kwetu hata usiku mmoja, kwa sababu Baba alimwoa Mama kutoka upande wa Salaita, kule chini nyikani, bila kumpeleka kwanza nyumbani aonekane. Nyanya hakugombana na mtu. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kukadumu tangu kabla sijazaliwa.

Kisha akateleza shambani, akaumia nyonga. Daktari akasema asipande milima mpaka apone, na Baba akamleta kwetu. Alipewa chumba changu na kitanda changu, nami nikalala chini kwenye mkeka karibu naye.

Kutwa nzima Nyanya alikaa kitandani ameegemea ukuta. Na ukuta wenyewe, rafiki yangu, ulikuwa wa matofali ya saruji yasiyopigwa plasta, na mchana ulishika moto kama kikaango. Mto ulimponyoka kila mara. Nilipomkanda mgongo jioni niliona alama za michubuko, naye hakulalamika, alisema tu kwamba Voi hata kuta zina homa.

Wakati huo yeye na Mama walikuwa wakizungumza kupitia kwangu. Wote wamo chumba kimoja, nami nimesimama katikati kama karani wa mahakama.

"Mwambie mama yako chai imezidi majani."

"Mwambie nyanya yako nitaongeza maziwa."

Baba ndiye aliyeamua kutengeneza kichwa cha kitanda. Mjomba wake akatuma mbao za msaipresi kutoka Wusi, zilizofungwa juu ya magunia ya viazi, na ua wetu wote ukanukia milima. Jumamosi Baba alivua shati akaanza kupiga msumeno. Lakini Baba alikuwa mtu wa kalamu. Upande mmoja ukatoka mrefu kuliko mwingine, akaukata, ukawa mfupi, akakata tena wa pili. Majirani walipita wakimpa pole kama mfiwa. Mwishowe alipata fremu iliyosimama, akapigilia plaiwudi, akapiga msasa mpaka jasho likamdondoka kidevuni. Halafu akaitwa kazini mbali, na kile kichwa kikabaki kimeegemezwa ukutani barazani, kitupu, karibu na cherehani ya Mama.

Mama alikuwa akikizunguka kila siku akienda na kurudi. Siku moja mchana, pasipo kusema neno, alizima jiko, akachukua tepu yake ya kupimia na kuingia chumbani kwa Nyanya.

"Mwambie nyanya yako ainue mkono nimpime mgongo."

Kabla sijafungua mdomo, Nyanya alikuwa ameuinua. Mama akapitisha tepu begani, akashuka nayo polepole mpaka kiunoni. Akaiona ile michubuko. Nilimwona akisimama, vidole vimeganda pale pale juu ya mgongo wa mama mkwe wake.

"Na wewe mbona hukusema?" akamwuliza mwenyewe, moja kwa moja.

"Ningemwambia nani?" Nyanya akajibu.

Tangu hapo mimi nikakosa kazi.

Mama alikuwa na mfuko wa sufi alioletewa na mama yake kutoka Salaita, akiuweka wa kujazia mito ya sebuleni. Aliumwaga wote. Sufi ikaruka ikatujaa kwenye nywele na nyusi, Nyanya akapiga chafya hadi machozi yakamtoka, na ndipo niliposikia kicheko chake kwa mara ya kwanza, kicheko chembamba cha msichana. Kitambaa kilikuwa kipande cha bahameli ya kijani kilichobaki kwenye pazia la mtu. Kikavutwa juu ya sufi, kikapigiliwa misumari midogo kwa nyuma. Ikabaki kazi ya vifungo, maana bila vifungo sufi huteremka yote chini ikajikusanya kama tumbo la mlevi.

Uzi wa cherehani ulikatika. Nyanya akaagiza nyuzi za mkonge, akazisokota pajani kama anavyosokota mwanamke wa Kidawida kule milimani anayesuka kikapu, akatoa kamba nyembamba ambayo usingeweza kuikata kwa meno. Kichwa cha kitanda kikasimamishwa katikati ya chumba. Nyanya akakaa kitandani upande wa mbele, Mama akapiga magoti nyuma. Sindano ndefu ya magunia ikawa inapita kwenye vitundu alivyotoboa Mama, ikitoka kwa mmoja ikipokelewa na mwingine.

"Vuta, mwanangu."

"Nimevuta, Mama."

"Vuta tena, usinionee huruma."

Hawakuwa wakionana, ule ubao ulikuwa kati yao. Nafikiri ndiyo maana waliweza kusema. Mama alisimulia jinsi alivyolia siku ya harusi kwa kukosa mtu wa upande wa mume wa kumshika mkono. Nyanya naye akasema alikuwa ameshona nguo ya kwenda kwenye harusi ile, akangoja kuitwa kwa heshima, hakuitwa. Sindano ikasimama. Halafu ikaendelea.

"Nikipona utakuja Wusi," Nyanya akasema. "Kuna tuta langu la kulima juu ya kijito, udongo wake mweusi. Ni lako. Nitakuonyesha mwenyewe."

Alipona mapema kuliko tulivyotarajia. Baba alimrudisha mlimani kwa pikapu ya kukodi, na kwa kuwa ilijaa mizigo ya watu, kichwa cha kitanda kikabaki. Ilisemwa tutakipeleka Krismasi, sote pamoja, Mama akiwemo. Mama akanunua viatu vya kupandia mlima.

Nyanya alifariki kabla ya Krismasi. Kifua tu, baridi ya huko juu.

Kwa hiyo Mama aliingia Wusi kwa mara ya kwanza akiwa amevaa viatu vile matangani. Shangazi zangu hawakujua lolote lililotokea Voi. Walimpokea kwa adabu, wakamwonyesha benchi la nyuma walipoketi majirani. Yeye ambaye Nyanya alimwita "mwanangu" alimlilia mama yake kutoka benchi la wageni. Jioni akakunja mikono ya nguo, akaenda kuosha vyombo.

Kile kichwa cha kitanda kilibaki kitandani kwangu mpaka nikaenda sekondari, kisha mchwa wa Voi wakakimaliza kuanzia miguuni. Nyumba zile zimebomolewa, pamejengwa maduka. Baba naye hayupo.

Kila tukipanda Wusi, Mama huwauliza wajomba wa Baba ni tuta lipi hasa lililo juu ya kijito. Mmoja huonyesha hili, mwingine lile. Hawamnyimi, wanamwambia achague analotaka. Mama hutabasamu, hushukuru, na hachagui. Husimama tu pale njiani, mkono kiunoni, akiyatazama matuta yote moja baada ya jingine.