Waya Mweusi Chini ya Kitanda cha Baba Mkwe

Kwa miaka kumi na tisa nilimjua baba mkwe wangu kwa mgongo wake. Nilijua kofia yake ya sufu, nilijua kikohozi chake, nilijua jinsi alivyoburuta kandambili ya kushoto zaidi kuliko ya kulia. Uso wake sikuujua, wala sikutakiwa kuujua. Mimi ni Mbena niliyeolewa kwa Wanyakyusa, na kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mwana hakutani na baba mkwe. Akipita njia hii, wewe unapita ile. Akiingia sebuleni, unatokea mlango wa jikoni. Humwamkii, humtazami, huketi anapoketi. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha, wiki ya kwanza ya ndoa, akaniambia hiyo si chuki, ni heshima, tena heshima nzito. Siku hizi wengi wameiacha, hasa mjini. Mzee hakuiacha. Mimi ni mbishi kwa mambo mengi, lakini hilo nililishika.

Kazi yangu ni fundi umeme wa magari. Nina banda Mbalizi, ndani ya ua wetu, na asubuhi za baridi ndizo msimu wangu. Watu wanasukuma magari mpaka getini na wote wana neno moja: "Fundi, betri imekufa ghafla." Betri haifi ghafla. Inakufa kwa kupuuzwa. Unaifungua unakuta maji yameshuka chini ya sahani tangu miezi iliyopita, vichwa vimeota unga wa kijani, na mwenye gari huyohuyo ametundika manukato ya ndimu kwenye kioo. Huwa nawasema sana. Mume wangu, ambaye anafundisha historia sekondari, hutania kwamba wateja wangu wanakuja kutengenezewa gari na kuungama dhambi kwa pamoja.

Mama mkwe alipofariki, mzee alihama Tukuyu akaja kukaa nasi. Tulimpa chumba chenye mlango wake, na dirisha lake likawa linatazamana na banda. Hapo ndipo mila ilipoanza kututesa wote wawili, maana mzee alipenda maongezi na mchana kutwa, mume wangu na watoto wakiwa shuleni, mtu wa karibu nilikuwa mimi. Akapata njia. Chini ya dirisha lake huwa napanga betri ninazochaji, na yeye akaanza kuongea nazo.

"We betri," alisema siku ya kwanza, "hebu mwambie fundi wako supu ya jana ilipungukiwa chumvi."

Mimi kichwa changu kilikuwa ndani ya boneti. Sikugeuka. "We spana," nikasema, "mwambie mzee chumvi daktari amekataza."

Akakohoa. Kisha: "Betri, mwambie na huyo daktari aje aionje."

Nikacheka mpaka nikaiangusha spana. Tuliishi hivyo miaka minne. Nilimpenda yule mzee. Hili naliandika wazi kwa sababu nilipokuwa naye sikuweza kulisema: nilimpenda kama nilivyompenda baba aliyenizaa, na sikuwahi kumpa hata shikamoo.

Mwaka jana mapafu yake yalichoka. Hospitali walimrudisha nyumbani na mashine ya oksijeni, sanduku linalonguruma usiku na mchana, likichuja hewa na kumpelekea puani kwa mrija. Ilitaka umeme saa zote. Mzee hakulalamika, ila alimwita mume wangu akamwomba jambo moja. Dada yake, mkubwa kwake, aliyeolewa Iringa tangu usichana, ndiye pekee aliyebaki katika tumbo lao. Nyonga zimemfunga, hawezi kusafiri. "Nataka nimwone dada yangu," alisema, "kabla mmoja wetu hajamtangulia mwenzake." Daktari alifikiri sana, kisha akakubali kwa sharti. Mashine isizimike njiani. Ikizimika, kuna mtungi mdogo wa akiba wa nusu saa hivi. Hapo ni kukimbilia hospitali iliyo karibu na kurudi nyumbani, na yeye hatatoa ruhusa nyingine.

Gari tulikuwa nalo, tena lilikuwa halijatimiza mwezi. Mume wangu alikuwa ametumia akiba yake ya miaka mingi kununua van lililogeuzwa nyumba: kitanda, sinki, jiko dogo, friji, ili akistaafu awe anawakodisha wageni wanaokwenda mbugani. Mafundi wa Dar ndio waliolifunga, na lilifika kwetu likinuka gundi na mbao mpya. Chini ya kitanda kulikuwa na betri kubwa ya lithiamu, na pembeni yake inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Nilipiga hesabu zangu. Mashine ya mzee ingekaa saa tano au sita hata bila injini, na gari likitembea, injini ingerudisha kinacholiwa. Mpaka Iringa tungefika.

Lakini mimi siliamini gari jipya. Gari kuukuu limeshakuambia maradhi yake yote. Jipya bado linakuonea aibu. Wiki ya kwanza nilishakuta waya wa pampu ya maji umelegea, fyuzi ya friji ni ndogo kuliko inavyotakiwa, na taa ya mlango haizimi. Kosa la nne ndilo lililonikera. Waya mweusi wa inveta, ule wa ethi, unaorudisha umeme kwenye betri kupitia chuma cha gari, ulikuwa umefungwa kwa nati kwenye bodi juu ya rangi. Umeme hautaki rangi, unataka chuma. Taa na friji vinaridhika na kidogo kinachopenya, lakini mashine ya oksijeni ina tamaa. Ilikuwa kazi ya nusu saa: kufungua, kukwangua mpaka chuma king'ae, kufunga, kupaka grisi. Nikaenda sokoni kununua vichwa vya waya. Niliporudi, mzee alikuwa amelala kitandani ndani ya van.

Alikwenda kukijaribu tu kitanda, akakipenda. "Waambieni wenye nyumba nimehama," alisema, na kweli hakutoka. Kwa siku mbili alikaa humo uani, mashine yake ikiwa imechomekwa kwenye umeme wa nyumbani, akisalimiana na wateja wangu kupitia dirishani kama mpangaji. Mimi nisingeweza kuingia alimolala baba mkwe, sembuse kupiga magoti chini ya kitanda chake. Nikamtuma mume wangu. Nilimweleza mezani kwa kijiko na kikombe: hapa nati, hapa waya, kwangua hapa. Alirudi baada ya dakika kumi, mikono safi.

"Tayari?"

"Tayari. Nimekaza mpaka basi."

Mikono safi ingetosha kuniambia. Sikuuliza zaidi.

Tuliondoka asubuhi, mume wangu kwenye usukani, mimi kando yake, na nyuma yetu pazia la kitenge nililolishona mwenyewe ili mzee awe na chumba chake nami niwe na heshima yangu. Chimala tulisimama kununua mchele wa kumpelekea dada yake. Sauti ikatoka nyuma: "We pazia, mwambie fundi achukue wa Madibira. Huo mwingine wawape kuku." Nikauambia mfuko mtupu kwamba agizo limefika. Mume wangu akatikisa kichwa. Alishazoea kuishi na watu wawili wanaoongea na vyombo.

Tulikuwa tumeshapita Igawa, tunapandisha kuelekea Makambako, inveta ilipolia. Mlio mara tatu, kisha ngurumo ya mashine ikakatika. Nilikuwa nimeizoea ile ngurumo kiasi kwamba kimya chake kilikuwa kama kelele. Mume wangu alisimamisha gari kando, akazunguka nyuma, akafungua mtungi wa akiba, akarudi dirishani kwangu amepauka.

"Nusu saa," alisema. "Tugeuze Chimala, hospitali?"

Kugeuza kulikuwa na maana moja, na sote watatu tuliijua. Asingemwona tena dada yake.

"Ile rangi uliikwangua?"

"Rangi gani?"

"Ya chini ya nati!"

"Mama watoto, gari jipya hili. Nitaanzaje kulikwangua? Nilikaza. Nikapafuta na kitambaa."

Nilitamani kumfuta yeye na kitambaa hicho. Lakini hasira haikukaa, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Fundi ni mimi. Nililiona tatizo kwa macho yangu, nikamkabidhi mwalimu wa historia, kisha nikanyamaza kwa kuwa nilimwonea haya mzee zaidi ya nilivyouhofia uhai wake.

Tulijaribu kupitia pazia. Nikampa testa ya kupimia umeme, nikamwelekeza. Kwenye inveta ilisoma volti kumi nukta saba. Kwenye betri yenyewe, kumi na tatu nukta moja. Betri ilikuwa nzima kabisa. Umeme ulikuwa unapotelea njiani.

"Fungua nati ya waya mweusi."

"Ipo minne myeusi humu."

"Ule mnene!"

"Yote minene, mama."

Hapo nikamsikia mzee akivuta pumzi, fupifupi, na kati ya pumzi na pumzi akijaribu kusema.

"Betri," alisema. "Mwambie fundi wako aingie. Mgonjwa hana mkwe."

Mume wangu alinitazama. Miguu yangu haikutaka. Nilimkumbuka mama mkwe na wiki ile ya kwanza ya ndoa, nikamwomba radhi kimoyomoyo, nikashuka, nikafungua mlango wa ubavuni. Mzee alikuwa ameshajifunika shuka mpaka utosini. Hata katika hali ile alinisaidia.

Nilipiga magoti. Kwenye mwanga wa tochi ile nati ilikuwa inang'aa kwa kufutwa, na nilipoigusa iliniunguza kidole. Kiungo kibovu hupata joto, na joto hukiharibu zaidi. Kilikuwa kimejichoma polepole tangu nyumbani. Nilifungua kwa spana namba kumi na tatu. Msasa niliusahau nyumbani, nikakwangua kwa kisu cha jikoni mwa van, na kila mkwaruzo mume wangu aliugulia mlangoni kana kwamba nakwangua ngozi yake. Chuma kilipotoka cheupe nilifunga, nikakaza kwa mikono miwili, nikabonyeza swichi. Taa ya kijani ikawaka. Mashine ikakohoa, ikanguruma. Nilibaki pale sakafuni na nikalia kidogo, bila sauti.

"Ndaga fijo," shuka ikasema. Kwa Kinyakyusa ni asante sana. Hakutaja anamshukuru nani.

Sikuweza kurudi mbele. Kiungo kilichokwisha kuungua lazima kiguswe kila baada ya dakika chache kujua kama kinapata joto, na dereva tulikuwa naye mmoja. Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye ubao wa kitanda, kidole kwenye nati. Mzee aligeukia ukutani. Tulikwenda hivyo, mgongo kwa mgongo, Makambako, Mafinga, misonobari ikipita dirishani. Alipopata nguvu alianza kuisimulia betri habari za dada yake: alivyombeba mgongoni kuvuka mto akiwa mdogo, alivyoiba ndizi za baba yao ili ampe yeye, halafu akala viboko peke yake, alivyolia siku alipochukuliwa kwenda kuolewa mbali. Na mimi niliieleza testa kwamba nati ni ya baridi, kwamba bado ni ya baridi, kwamba tumekaribia.

Iringa dada mtu alikuwa amewekwa barazani kwenye kiti tangu asubuhi, blanketi magotini. Kutoka van mpaka pale palikuwa na ngazi, na mrija wa puani ulikuwa na urefu wa hatua mbili tu. Mume wangu alimshika baba yake. Mashine ilibidi niibebe mimi, waya mrefu wa umeme ukiburutika nyuma yangu kutoka garini, nikimfuata mzee ngazi kwa ngazi, macho yangu kwenye visigino vyake.

"Umechelewa," dada yake alisema.

"Barabara," mzee akajibu.

Alimwinamia, na bibi akaupapasa uso wake wote kwa viganja, polepole, paji, mashavu, kidevu. Kisha wakaanza kucheka, wakacheka mpaka wote wawili wakawa wanalia. Mimi nilisimama na mashine kifuani, nimeinamisha kichwa, nikiomba mikono isinichoke.

"Na huyu," bibi aliuliza, "anayekubebea pumzi, ni nani?"

Mzee angeweza kuijibu mashine. Angeweza kumjibu dada yake huku akitazama kando, na mila isingevunjika. Alishika mkono wa kiti, akajigeuza mzima mzima mpaka akanielekea, akasubiri. Nikainua kichwa.

"Ni binti yangu," alisema.

Macho yake yalikuwa ya binti yangu wa mwisho, yaleyale, mpaka ule mkunjo mdogo wa pembeni. Nilikuwa nimeyaosha yale macho, nimeyafuta machozi, nimeyalaza miaka yote ile, bila kujua yalikotoka.