Ndama Mwekundu wa Dirisha la Tatu

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu, njia ya Endulen, kwa ubatizo wa mtoto wa mdogo wangu. Kanisa limepakwa rangi, bati jipya linang'aa, na madirisha yote ni ya alumini, yale ya kusukuma. Kila mtu aliniambia limependeza. Niliitikia kwa adabu, huku macho yangu yakimtafuta ndama.

Ngoja nikueleze, maana wewe hukumwona. Zamani upande wa mashariki kulikuwa na madirisha matatu ya vioo vya rangi. La kwanza lilikuwa na masuke ya ngano, kumbukumbu ya mkulima mmoja wa Karatu aliyetoa mbao za paa. La pili lilikuwa na taa, kumbukumbu ya katekista wa kwanza, ambaye hakuwa wa kabila letu. Chini ya kila moja palikuwa na jina. La tatu lilikuwa na Mchungaji Mwema aliyejifunga shuka, na miguuni pake, badala ya kondoo, ndama mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Chini yake hapakuandikwa kitu.

Sisi watoto tulifuta vioo hivyo kila Jumamosi kwa magazeti makuukuu, vidole vikifa ganzi kwa ukungu unaoshuka kutoka ukingo wa kreta. Tukimaliza, bibi alitumiminia maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa moshi wa mzeituni pori. Ladha ile sijaipata tena, na maziwa ya pakiti nimeyanywa mengi. Jumapili bibi alikaa benchi la tatu, wala hakuna aliyethubutu kumkalia nafasi yake. Jua lilipopanda, wekundu wa ndama uliteremka ukutani ukatua mapajani pake. Aliufunika kwa viganja viwili mpaka uhame.

Nilipokuwa darasa la nne, mwalimu wetu, mgeni kutoka Singida, alitutuma tukaandike majina ya wanaokumbukwa kwenye madirisha. Niliandika mawili, la tatu nikakwama. Basi Jumapili baada ya misa, mbele ya akina mama wote, penseli mkononi, nikamwuliza bibi dirisha lile ni la nani na anaitwa nani.

Bibi akachukua fimbo yake akaondoka.

Nyumbani mama alininong'oneza kwamba bibi alikuwa na binti, kifungua mimba wake, aliyefariki kwa homa akiwa na umri kama wangu. Ndama yule ndiye aliyekuwa akimchunga. Kwetu marehemu hatajwi jina. Padri aliyetengeneza vioo alitaka kuliandika, bibi akakataa, akampeleka zizini kumwonyesha yule ng'ombe, ambaye wakati huo alikuwa keshakuwa mtamba, ili apate rangi yake sawasawa.

Nilikwenda kumwomba radhi. Alikuwa anakamua, hakugeuka.

"Ukimwita unamsumbua," alisema. "Mimi nikimwona ndama, nimemwona."

Mwalimu aliniwekea mkasi wa kukosa kwenye jibu la tatu. Sikujitetea, na moyoni nilijiona shujaa.

Siku ya ubatizo nilimwuliza katekista wa sasa, kijana mpole, vioo vilikwenda wapi. Akasema vilipasuka walipovitoa ukutani. Familia zenye majina yao ziliitwa, zikachukua vipande vyao. Kile cha tatu hakikuwa na mwenyewe, wakakitupa msingini pamoja na kifusi.

"Mngeandika jina, dada, tungewatafuta," alisema.

Nilikwenda kukaa benchi la tatu. Jua likapanda, mwanga mweupe mtupu ukaniangukia mapajani, nami nikaufunika kwa viganja kama alivyofanya bibi. Padri akauliza mtoto apewe jina gani. Mdogo wangu akalitaja kwa sauti, kanisa zima likasikia, na hapo nikalia. Bibi hayupo, mama hayupo. Jina la yule msichana halina tena wa kunikataza nisilitaje, wala wa kuniambia lilikuwa nani.