Nyama ya Paja la Babu

Babu alikuwa mtu wa watu. Mkojo wake ulipoanza kuvujia kwenye tundu nyuma ya korodani, aliacha kwenda kanisani Kebirigo, akawa anaketi peke yake karibu na mlango, na mtu akimsogelea anamwambia akae kule. Tundu lenyewe lilikuwa limeshonwa mara mbili, likafumuka. Nilimhurumia mpaka basi.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa nesi mpya wodini Kisii. Daktari hakujua Kigusii, na Kiswahili cha babu kilikuwa cha kununulia chumvi tu. Baba angetafsiri, lakini kwetu mtu hataji uchi wa baba yake, hata iweje. Akatoka nje. Mjukuu ndiye mwenye ruhusa, maana mjukuu na babu ni watani, na mimi babu aliniita mke wake tangu nikiwa mdogo. Basi kazi ikaniangukia.

Daktari alieleza kwamba sasa kushona peke yake hakutoshi, lazima aweke nyama hai pale. Angeweza kuvuta ngozi ya mfuko wa korodani, kwa kuwa iko karibu, ila ina vinyweleo, na vinyweleo ndani ya njia ya mkojo huleta mawe. Au achukue msuli wa ndani ya paja, aupindue bila kuukata shinani ili damu yake iendelee kupita, aupenyeze chini ya ngozi mpaka kwenye tundu.

Nikayasema yote bila kupepesa macho. Babu akataka kujua kama mguu huo utapanda tena kilima cha majani chai. Daktari akasema utapanda, polepole. Nikamwambia mume wangu achague upesi kabla sijaolewa na kijana. Akacheka hadi akashika tumbo, akachagua paja.

Baada ya upasuaji alikaa na mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa. Siku ulipotolewa akaenda msalani, nami nikabaki mlangoni. Alikawia mno. Akatoka akichechemea, anajipapasa suruali kwa nyuma.

"Pakavu," akasema. "Kamwambie baba yako. Yeye hawezi kuniuliza."

Baba alikuwa kwenye benchi la veranda. Nilipomwambia alivua kofia, akajifutia uso. Babu akaja, akaketi. Baba akainuka ili amwachie nafasi, kama alivyozoea, lakini babu akamshika mkono.

"Kaa na mimi," akamwambia.