Viatu vya Mwalimu Kondo

Wakuu wangu wa ukurasa huu, wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Kabla ya yote naomba mnisamehe mwandiko. Nimesoma mpaka darasa la nne tu na mkono wangu ni mzito. Barua hii imenichukua siku tano. Bwana Mhariri, ukikuta herufi imekosewa irekebishe, ila usipunguze jambo lolote, hata kama ni baya kwangu. Yote ni kweli, na mimi nilikuwapo.

Huwa nasoma ukurasa huu dukani, wenye gazeti wakishalimaliza. Sijawahi kuandika, maana mimi ni mtu wa haya. Lakini mwezi uliopita ndugu mmoja wa Nzega aliuliza hapa kama utani wa makabila una faida yoyote siku hizi, na wengi mkamjibu kwa kucheka.

Mimi sikucheka. Nina neno juu ya utani, na juu ya mwalimu wangu aliyekufa.

Mwalimu Kondo alikuwa Mzaramo, mtu wa Pwani. Alikuwa akifundisha hesabu na jiografia shule ya sekondari hapa Tabora. Mimi sikuwa mwanafunzi wa shule hiyo na nisingeweza kuwa. Lakini kila Jumamosi mchana alitoka nyumbani kwake Chemchem akaja kwetu Ipuli kutufundisha sisi tulioishia darasa la nne. Tulikuwa tisa, katika ghala la karanga la baba yangu. Hakuna aliyemtuma.

Ghala halikuwa na viti. Tulikaa kwenye mikeka, naye alivua viatu mlangoni kama sisi, akafundisha miguu mitupu.

Viatu vyake vilijulikana. Vilikuwa vya ngozi ya kahawia, vya kufunga kamba, virefu mpaka juu ya kifundo cha mguu, na visigino vyake vilipigwa chuma. Ko, ko, ko. Akina mama wa Ipuli walikuwa wakisikia mlio huo wanasema, "Saa nane hiyo, injikeni maharage."

Sasa utani. Kwa wasiojua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zamani za misafara. Babu zetu walibeba mizigo kutoka huku mpaka Pwani, na aliyefia Pwani alizikwa na Wazaramo. Mzaramo aliyefia huku alizikwa na sisi. Mtu aliyekuzika huwezi kumkasirikia. Anaweza kukutukana, anaweza kuchukua kitu chako mbele ya macho yako, nawe unacheka.

Mwalimu alinichagua mimi kuwa mtani wake kwa sababu nilikuwa sisemi. Akiniuliza hesabu, jibu ninalo, lakini sauti haitoki.

"Nyie mnamwona Maganga," aliwaambia wenzangu. "Babu yake alibeba pembe mpaka Pwani. Pembe zilifika. Sauti alisahau kuipakia wakati wa kurudi!"

Wenzangu walianguka kwa kucheka. "Mjibu, Maganga! Mjibu huyo mla nazi!"

Nilikuwa natazama mkeka.

"Siku utakayonijibu," Mwalimu aliniambia, "hiyo ndiyo siku umefaulu. Hesabu unazijua tayari."

Akachukua kofia yangu ya ukindu, akaivaa, akaenda nayo Chemchem. Alikuja nayo Jumamosi tatu mfululizo akiwa ameivaa, na kila mara aliniuliza, "Mtani, hujaona kofia kama hii imepotea?"

Jumamosi ya nne ndipo nilipomjibu.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, majani yameanza kurefuka. Mwalimu alikuwa amegeukia ubao. Nilikuwa karibu na mlango. Nilinyoosha mkono, nikavitia viatu vyake ndani ya kikapu, nikavifunika kwa mtama, nikatoka polepole. Sikuwahi kufanya jambo kama hilo maisha yangu yote. Moyo ulikuwa unapiga kwa furaha. Nataka mjue hilo: nilikuwa na furaha.

Mpango wangu ulikuwa kumsubiri barabarani, kwenye daraja dogo. Akifika na miguu yake mitupu, nimtolee viatu na kumwambia neno nililolitayarisha. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi wiki nzima: "Mzaramo, babu yangu alitembea mpaka kwenu bila viatu. Wewe Chemchem hapo imekushinda?"

Wenzangu walinisimulia baadaye yaliyotokea ghalani. Mwalimu alipoona mlangoni hakuna viatu na mimi sipo, alipiga makofi.

"Amenijibu! Leo Maganga amenijibu!"

Mmoja alimpa ndara zake. Akakataa. "Nikiazima nimeshindwa. Mnataka Mnyamwezi anicheke?" Akaenda hivyo hivyo, akicheka peke yake.

Nilikaa darajani. Nilisubiri sana. Hakuja.

Wakuu, hapa ndipo sikufikiri. Barabara ile ni ya changarawe, na changarawe ya saa kumi inaunguza. Mtu aliyezoea viatu hawezi kuikanyaga. Mwalimu aliiacha, akapita njia ya mkato, kwenye majani, kwa sababu majani ni laini.

Nilisikia watu wanapiga kelele upande wa mashamba. Nilipofika walikuwa wamemkalisha chini. Kifutu, yule nyoka mfupi mnene asiyemkimbia mtu, alikuwa amemuuma juu ya unyayo, mahali ambapo kiatu kingekuwa. Nyoka walikuwa wameshamuua. Mwalimu alikuwa ameshika mguu kwa mikono miwili na meno yamekazana.

Aliniona. Aliona na kikapu.

  Walimpandisha baiskeli, wawili wakaishikilia, wakampeleka hospitali Kitete. Mimi nilibaki nimesimama na mtama wangu.

Kesho yake tulikwenda kumwona watatu. Mguu ulikuwa umevimba mpaka pajani, ngozi imekuwa nyeusi na inang'aa. Mhudumu aliyekuwa akimfunga dawa alimuuliza, "Mwalimu mzima, unatembeaje porini pekupeku?"

"Viatu viko kwa fundi," alijibu. "Kwa Mzee Feruzi. Anavishona."

Wenzangu wawili waliniangalia. Mwalimu naye aliniangalia, akawatikisia kichwa wanyamaze. Wakanyamaza, na mpaka leo hawajasema.

Halafu akaniambia, sauti ndogo, "Mtani, mguu huu hauingii tena kwenye kiatu. Kitafutie mwenye mguu mwembamba."

Alikuwa anasubiri nimjibu. Nawaambia ukweli, alisubiri. Nilifungua mdomo. Nilitazama sakafu ya hospitali kama nilivyokuwa nikitazama mkeka.

Waliomtibu walifanya kila walichoweza. Alikufa siku ya tatu asubuhi. Waislamu wa Chemchem walimzika siku hiyo hiyo. Mimi ni Mmoravian, lakini nilikwenda na jembe nikachimba.

Ndugu yake, Shomari, aliwasili kwa treni kaburi likiwa limeshafunikwa. Alikuta siku ya kuanua matanga. Na siku hiyo, kama mjuavyo, ni siku ya watani. Mtani huvaa nguo za marehemu, hutembea kama yeye, husema kama yeye, mpaka wafiwa wacheke. Wasipocheka, msiba hauishi.

Bi Nyamizi, mama mmoja mnene wa Ipuli, ndiye aliyeongoza. Alivaa koti la Mwalimu, likashindwa kufunga.

"Mzaramo mvivu huyu!" alipiga kelele. "Kwao kuna bahari tele, hakupenda kufia huko. Kaja kufia Unyamwezi tumchimbie bure! Shomari, hata nazi moja hukuleta?"

"Niliwaletea watu," Shomari alimjibu. "Punda wa mizigo nawapa pumba."

Watu walicheka, na Shomari alicheka huku machozi yanamtoka. Ilikuwa inakwenda vizuri. Mimi nilikuwa nyuma ya ua, na kikapu changu. Nilikuja navyo viatu. Nilitaka kuviweka uvunguni mwa kitanda chake pasipo mtu kuniona, niondoke.

Ndipo Bi Nyamizi akasimama. "Nitatembeaje kama Mwalimu bila ko ko ko? Viatu viko wapi?"

Shomari akasema, "Hospitali wameniambia viko kwa fundi Feruzi."

Wakamwita. Mzee Feruzi ni Mmanyema, hushona viatu barazani kwake nyumba ya nne kutoka pale. Si mtani wa mtu yeyote katika wale. Shomari alipomwona aliacha kucheka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Poleni na msiba."

"Tumekwisha poa. Tunaomba viatu vya marehemu."

"Viatu gani? Hakuniletea viatu."

"Mzee, mtu anayekufa hasemi uongo. Alisema viko kwako."

"Wallahi sikuviona."

 Kisha mtu mmoja nyuma akasema, "Mimi nami nilipeleka vyangu mwezi uliopita, bado nazungushwa." Mwingine akasema, "Anavaa viatu vya maiti huyu." Mwingine akataja polisi.

Mzee Feruzi hakubishana. Alikwenda kwake akarudi na gunia. Akapiga magoti, akaanza kutoa viatu kimoja kimoja na kuvipanga juu ya mkeka wa msiba. Vya watoto, vya askari, kimoja kisicho na mwenzake.  Kila akitoa kimoja anasema, "Hiki? Je, hiki?"

Ndugu zangu, kusema nilikuwa siwezi. Nilivitoa viatu kikapuni, nikavaa. Vilikuwa vikubwa kwangu. Nikafunga kamba, nikapanda barazani kwenye saruji, nikatembea.

Ko. Ko. Ko.

Mama mmoja aliyekuwa jikoni alitoka mbio na mwiko mkononi, akaona ni mimi, akaketi chini akalia.

Nilifika mbele ya Shomari. Sauti ikatoka. Sijui ilitoka wapi.

"Nilivichukua mimi. Jumamosi. Kabla ya nyoka."

Bi Nyamizi akapiga kigelegele. "Huyooo! Maganga! Tunamdhani bubu, kumbe ndiye mtani mwenyewe!"

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Walidhani nimevificha baada ya kifo ili nije kuigiza. Nilisema tena, "Ni kweli, alikwenda pekupeku kwa sababu yangu," na kila nilivyosema ndivyo walivyozidi kucheka, maana mtani siku ya matanga husema ni yeye aliyemuua marehemu. Hayo ndiyo maneno yake ya kawaida. Bi Nyamizi mwenyewe alikuwa ameshasema mara mbili.

Shomari alinikumbatia. "Mtani mshenzi wewe! Ungemfungisha mzee wa watu! Chukua, ni vyako. Ndiyo haki yako."

Mwalimu angekuwapo, nafikiri angesema ndicho alichokuwa anakitaka tangu mwanzo: mimi nimesimama katikati ya watu, nasema, wao wanacheka.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Feruzi alirudisha viatu vyote guniani, akapita karibu yangu, akatazama miguuni.

"Visigino havijaguswa na fundi," alisema. "Alikwenda kweli pekupeku?"

"Ndiyo, babu."

"Na hawa umewaambia."

"Nimewaambia."

"Wanacheka. Wana haki, ni watani zako. Tafuta namna ya kusema ambapo hawawezi kucheka." Akatia gunia begani, akaenda zake.

Kwa hiyo nimeandika.

Shomari aliniambia kabla ya kupanda treni kwamba mama yao yu hai, hajui kusoma, na kila gazeti hili likifika yeye humsomea, ukurasa huu kwanza. Basi mama, shikamoo. Mimi ndiye. Mwanao hakukosa viatu kwa uzembe, na Mzee Feruzi hakumwibia. Mwanao alisema uongo mmoja, na aliusema kwa ajili yangu.

Mafunzo yangu ni machache. Ukichukua kitu cha mtani, kirudishe kabla hajakanyaga nje. Na mtani wako akisubiri umjibu, mjibu siku hiyo hiyo, hata kwa neno baya. Lile neno langu la darajani bado ninalo na sina wa kumwambia.

Wasomaji, hasa Wazaramo na Wanyamwezi, niandikieni. Mhariri anayo anwani yangu. Nataka kujua utani unafunika mpaka wapi, na kama hili limo ndani au liko nje. Viatu ninavyo. Navipaka mafuta kila Jumamosi, sivivai.

Na wewe, Shomari, ukiniandikia nitajua kwa mstari wa kwanza. Ukinitukana, ukaniita punda wa mizigo, mwizi, mla pumba, nitajua mimi bado ni mtani wenu. Ukianza kwa heshima, "Kwa Bwana Maganga, natumaini u mzima," nitalijua jibu, wala sitauliza tena.

Lakini niandikie.